Matamvua ya Kompyuta

Kila asubuhi, kabla mume wangu hajaonja chai, kompyuta ilimtangazia sebuleni kwamba haikidhi vigezo. Ilikuwa inajisema yenyewe. Mfumo wake wa zamani ulikuwa unastaafishwa, mfumo mpya ulitaka mashine za kisasa zaidi, na hii yetu ilikuwa imepimwa huko zinakopimwa ikaonekana haifai. Lakini mume wangu haoni. Macho yake yaliondoka polepole kwa presha ya macho, la kushoto kwanza, la kulia likafuata, na kompyuta ile ndiyo inayomsomea kila kilichoandikwa kwenye kioo. Kwa hiyo tangazo ambalo mtu mwingine angelifunga na kulisahau, yeye alisomewa lote, mwanzo hadi mwisho, kila siku ya Mungu. Nami niliyekuwa jikoni nililisikia vilevile. Siku ya kumi hivi nilitoka na mwiko mkononi nikaiambia ile mashine, "Vigezo vyako kamwambie aliyekutuma."

Mume wangu akacheka. Namwita Mwalimu, kama anavyoitwa na mtaa mzima wa Kiseke, hapa Mwanza. Yeye huniita Mkaguzi.

Sauti inayomsomea tuliipa jina la Mgeni. Inasoma Kiswahili kama mtu aliyejifunzia kitabuni bila kuketi na Mswahili hata mmoja. Neno ng'ombe limemshinda mpaka leo. Lile tangazo lilikuwa la Kiingereza, na Mgeni alilisoma kwa matamshi yake ya Kiswahili, silabi kwa silabi, Mwalimu akitafsiri huku akitikisa kichwa. Mimi sikuona cha kutikisia kichwa. Nilikasirika, na hasira yangu haijui kukaa bila kazi.

Lazima nieleze ile mashine ni nini kwetu. Mwalimu alikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha walimu namna ya kumfundisha mtoto kusoma, na alipostaafu aliamua kuyaweka yote aliyoyajua kwenye kitabu. Macho hayakumsubiri. Mtu wa kufundisha kusoma akawa hawezi kusoma. Kichekesho hicho alikisema yeye mwenyewe wa kwanza, ili watu wasipate nafasi ya kumhurumia. Ndipo binti wa mdogo wangu, ambaye anafundisha somo la kompyuta sekondari huko Bunda, akaja kumwekea programu ya kusoma kwa sauti. Mimi nikadondoshea rangi ya kucha kwenye vitufe vichache ili vidole vyake vijue viko wapi. Mwalimu akarudi kuwa mtu. Anasoma magazeti, anawajibu wanafunzi wake wa zamani, anaandika kitabu sura kwa sura, Mgeni akimrudishia kila herufi anayoigusa. Ukiiondoa ile mashine mezani, au ukiifanya bubu, ndani ya nyumba yangu anabaki mzee aliyekaa kwenye kiti akisubiri mtu mwenye nafasi aje amsomee. Nilishamwona hivyo mara moja. Sikuwa tayari kumwona tena.

Basi nikaipeleka kwa fundi mjini, mwanamume wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kipara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Inasema haikidhi vigezo."

Akaifungua, akalisoma lile tangazo, akaifunga. Hakuchukua hata muda wa kumenya ndizi.

"Mama, hapa usipoteze muda wako. Hii imeisha."

"Imeisha vipi nayo inawaka?"

"Inawaka, sawa, ila ni takataka. Mfumo mpya hauingii humu. Na ukibaki na wa zamani, virusi vitakutafuna, kesho na keshokutwa programu zitaanza kukataa. Hapo pembeni kuna mashine nzuri, nikuonyeshe?"

"Jiko langu la mkaa lina miaka kumi na tano," nikamwambia, "na sijawahi kusikia mkaa umekataa kuingia."

Alinitazama kwa miwani zote mbili. Nikaifunga kompyuta yangu kwenye kitenge nikaondoka. Kununua nyingine hatukuwa na uwezo, na hata tungekuwa nao, siku ile nisingenunua. Nilikuwa sijafukuzwa dukani, lakini nilitembea kama mtu aliyefukuzwa, kifua mbele, nikiwapita watu bila kuwasalimu.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakukagua. Mimi nilifanya kazi miaka ishirini na mitatu kwenye mapokezi ya kiwanda cha minofu, hapa hapa ziwani. Gari la samaki likiingia linakuja na karatasi: samaki wametoka kisiwa gani, wamevuliwa lini, barafu imebadilishwa mara ngapi. Karatasi hizo nilizipokea kwa heshima, nikaziweka chini ya beseni zisipeperuke. Kisha nikamshika sangara kichwa, nikaingiza kidole gumba, nikafunua matamvua anayopumulia. Yakiwa mekundu, pita. Yakiwa ya kahawia, rudi nao ulikotoka. Wenye magari walinibembeleza, walinitisha, walinisemea kwa wakubwa. Mmoja alikuja na mchungaji wake aniombee moyo wa huruma. Nikamwambia mchungaji la kuvunda halina ubani. Sangara anaweza kuoshwa, akapangwa vizuri, akamwagiwa barafu mpya juu, lakini hakuna aliyewahi kumpaka rangi kwenye matamvua. Mkaguzi anayesoma karatasi peke yake ni karani tu.

Jioni nikampigia binti wa mdogo wangu.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Wanataka kunizikia mashine ingali hai."

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaniambia upo mfumo mwingine, mfumo huru, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuutumia, kuufungua na kuutengeneza apendavyo bila kumwomba mtu ruhusa. Hauna makuu, alisema, unakaa hata kwenye mashine za zamani. Na Mgeni yumo humo pia, sauti yake ile ile.

"Basi niletee."

"Nitakuletea, lakini kwanza ukague, mama mkubwa. Ndani ya kila mashine kuna vifaa vyake, cha sauti, cha intaneti, cha kioo. Mfumo usipojua kuongea na kifaa fulani, kifaa hicho kinabaki pambo. Usifute mfumo wa zamani mpaka uhakikishe vyote vinaelewana na huu. Ukifuta halafu sauti ikagoma, baba mkubwa atafanyaje?"

"Mwanangu, kukagua ndiyo kazi yangu."

Alinielekeza kwenye orodha moja ya mtandaoni inayoandikwa na watumiaji wenyewe kutoka kila pembe ya dunia: mashine yenye jina fulani, kifaa hiki kinafanya kazi, hiki kinasumbua. Nikavaa miwani, nikasoma jina lililochongwa kwenye mfuniko wa kompyuta yetu, nikamtajia, kisha nikalitafuta kwenye simu. Lilikuwepo. Mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, alikuwa ameandika kwamba kila kitu kinafanya kazi, sauti ikiwemo. Nilimsomea Mwalimu kwa sauti ya ushindi. Nilitaka flashi yenye mfumo huo ifike siku hiyo hiyo nifute kila kitu, nirudi kwa yule fundi nimwonyeshe takataka inavyosoma gazeti.

"Taratibu, Mkaguzi," Mwalimu akasema. "Hata binti akisifiwa na kijiji kizima, mshenga huenda kwanza kuulizia kwao. Tujaribu kabla ya kufuta." Akavisugua vidole vyake. "Mimi ninajua uchungu wa kufuta. Unakumbuka sura ya saba."

Nilikumbuka. Miaka miwili nyuma sura ya saba ya kitabu chake ilitoweka, kazi ya majuma mengi, na Mwalimu aliamini kwamba aliifuta mwenyewe kwa kugusa kitufe asichokiona. Baada ya hapo aliacha kuandika muda mrefu. Nilimjibu kwamba nakumbuka, kisha nikaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Flashi ilifika Jumamosi kwa basi. Binti yetu wa Bunda aliitumbukiza ndani ya mfuko wa unga wa ulezi ili asiwepo wa kuitamani, akampa kondakta, nami nikaenda kuupokea stendi ya Buzuruga. Kondakta alinikabidhi mfuko akinitahadharisha nisiuache mahali pa mvua. Nikarudi nyumbani, nikaichambua flashi kwenye unga, nikaifuta kwa upindo wa kanga.

Mfumo ule una uungwana wake: unaweza kuujaribu ukiwa bado kwenye flashi, mashine ikawaka kwa mfumo mpya bila wa zamani kuguswa. Nilichora jedwali kwenye daftari, vilevile nilivyochora kiwandani, mistari kwa rula. Kioo. Kibodi. Intaneti. Kamera. Betri. Sauti. Nikachomeka flashi, nikaiwasha mashine huku nikikigongagonga kile kitufe nilichoelekezwa, na baada ya maandishi mengi kupita mbio kioo kikatulia, kikawa cha bluu, kimeandikwa kwa Kiswahili safi. Mwalimu alikuwa ameketi pembeni yangu na shati la kutokea, amenyoa ndevu. Kwake ilikuwa kama siku ya kupokea mtu.

Kioo, vema. Kibodi, vema. Intaneti ilishika mara moja, nami nikapigia mstari mara mbili. Kamera ikanionyesha uso wangu wenye jasho. Betri, vema. Nikafika kwenye sauti, nikabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja vya kumwita Mgeni.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa upande wa mashine, mkono ukiwa sikioni.

"Amekuja?"

"Bado."

Nikaangalia kama sauti imezimwa. Haikuzimwa. Nikaipandisha mpaka mwisho. Nikacheza wimbo, nikaona mshale wa wimbo unatembea kwenye kioo, kimya kabisa. Niliweka sikio langu juu ya kibodi nikasikia feni peke yake.

"Amekuja?"

"Mwalimu, nitakwambia akija!"

Nilimjibu kwa ukali, na nilijua kwa nini. Nikampigia binti yetu, nikaiweka simu mezani kwa spika ili mikono yangu ibaki huru. Akanipa neno la kuandika kwenye dirisha jeusi la kuipa mashine amri, neno ambalo linailazimisha mashine itaje vifaa vyake yenyewe, kimoja kimoja, bila kujali kilichoandikwa nje. Vikajitokeza mistari kwa mistari. Nikamsomea ile ya sauti, herufi baada ya herufi. Ilikuwa miwili.

"Rudia, mama mkubwa."

Nikarudia. Nikamsikia akiandika.

"Hiyo siyo mashine uliyonitajia," akasema. "Jina la mfuniko ni la mashine moja, ubao wa ndani ulioshika vifaa ni wa nyingine, ya ukoo uleule. Ile orodha uliyoisoma siyo yake. Iliwahi kufunguliwa na fundi?"

"Haijawahi," Mwalimu akajibu kabla yangu, akiisogelea simu. "Mashine hii haijatiwa bisibisi na fundi tangu itoke dukani. Ningejua."

Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, macho kwenye daftari, kwenye kile chumba kilichobaki kitupu. Njia ilikuwepo ya kujitoa. Ningeweza kusema labda dukani walituuzia mbuzi kwenye gunia, na wote wawili wangeniamini. Lakini binti yetu asingejua la kufanya bila kujua kilichomo, na nilikuwa nimeshachoka kumwangalia Mwalimu akivisugua vile vidole.

Ilikuwa hivi. Miaka miwili nyuma Mwalimu alikwenda msibani Magu, kwa baba yake mdogo, akakaa siku tatu. Mimi nilibaki na nyumba, na ule upweke wa siku ya kwanza nikauondoa kwa kuangalia tamthilia kwenye kompyuta yake, moja ya zile ndefu za Kituruki zilizotiwa maneno ya Kiswahili, kikombe cha uji wa ulezi kikiwa pembeni. Mama mkwe kwenye tamthilia alimzaba kofi mkwewe. Nikaruka kwa hasira, kiwiko kikapiga kikombe, na uji wote ukaingia kwenye kibodi. Mashine ikazima. Niliipeleka kwa fundi wa kichochoroni, siyo yule wa miwani mbili, mwingine. Akaniambia ubao umeungua na diski imekwenda nao, ila anao ubao wa mashine nyingine inayofanana, tofauti iko ndani tu. Nikamwambia weka, mradi ifanane. Akaweka na diski nyingine, akarudisha ile sauti ya kusoma, nami nikazirudisha sura sita kutoka kwenye flashi ya Mwalimu. Sura ya saba haikuwa kwenye flashi. Alikuwa hajainakili.

Aliporudi kutoka msibani aliitafuta siku nzima. Jioni akasema, "Nimeifuta mwenyewe. Vidole vimeniponza." Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Nilijiambia nitamwambia kesho, amechoka na msiba. Kesho ikawa na sababu yake, keshokutwa nayo ikapata ya kwake. Na Mwalimu akaacha kuandika, mvua za vuli zikaja zikaondoka, za masika zikaja zikaondoka, akawa mzee wa kwenye kiti, mimi nikimpelekea chai. Halafu siku moja akaanza tena mwenyewe, kwa woga, akiruka sura ya saba, akaanzia ya nane.

Mimi, niliyekuwa siamini karatasi ya mtu yeyote, nilisoma jina la mfuniko nikaliamini, na nilijua. Nilisimama kwenye kichochoro kile nikaona ubao unawekwa kwa macho yangu. Nilijifanya sijui mpaka nikasahau kwamba ninajua.

"Iliwahi," nikasema.

Mwalimu akageuza uso.

"Iliwahi kufunguliwa. Ulipokwenda Magu. Nilimwagia uji, ikaungua, nikaipeleka kwa fundi akabadilisha ubao na diski. Sura ya saba hukuifuta wewe. Iliondoka na diski."

Nilisikia kuku wa jirani wakiparuza nje.

"Uji wa nini?" akauliza.

"Wa ulezi."

Akatingisha kichwa polepole, utadhani aina ya uji ndiyo iliyokuwa muhimu.

"Mvua mbili," akasema. "Mvua mbili nilikaa kwenye kile kiti nikijiambia kipofu hana haki ya kugusa mashine. Nilikwambia hivyo kwa mdomo wangu, unakumbuka? Nilikwambia pale pale. Na wewe ukanimiminia chai."

"Nakumbuka."

Akachukua fimbo yake akatoka. Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe kubwa, ambalo waliojenga walishindwa kulipasua wakalipa uwanja wake, na Mwalimu akikasirika huenda kukaa hapo. Nilisikia fimbo ikigonga sementi, kisha ikigonga jiwe.

"Mama mkubwa," simu ikasema kwa sauti ndogo. "Nikate?"

Nilikuwa nimeisahau. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeuficha wangu miaka miwili, na sasa nimeuonyesha kwa spika. Machozi yalikuwa karibu na aibu ilikuwa imenijaa mpaka masikioni. Lakini kulikuwa na mambo mawili mezani, kosa langu na mashine, na kosa langu halikuipa ile mashine haki ya kuwa bubu.

"Usikate," nikamwambia. "Tumalize kazi. Sasa unajua kilichomo."

Naye akajua la kufanya. Ubao ule, alisema, una milango miwili ya sauti: mmoja wa spika za mashine, mwingine wa kupeleka sauti kwenye televisheni. Mfumo ulikuwa umechagua ule wa televisheni, na sisi hatujachomeka televisheni. Mgeni alikuwa ameitika tangu mara ya kwanza nilipomwita, ila alikuwa anaongea kwenye mlango usio na mtu. Nikafungua mipangilio, nikaona milango yote miwili imeandikwa, nikachagua wa spika.

Nilikuwa nimesahau kwamba nimeipandisha sauti mpaka mwisho. Mgeni alipiga kelele zilizowatawanya kuku wa jirani. "SPIKA. IMECHAGULIWA. SAUTI. ASILIMIA MIA MOJA." Binti yetu akapiga vigelegele huko Bunda. Mimi nikaweka alama kwenye daftari, nikamshukuru, nikakata simu, nikatoka nje.

Mwalimu alikuwa juu ya jiwe, fimbo magotini. Alikuwa amesikia, mtaa mzima ulikuwa umesikia. Nilisimama chini yake nikamwomba msamaha. Sikumwambia kwamba nilikuwa nasubiri wakati mzuri, wala kwamba sikutaka kumuumiza, kwa sababu nilijua hizo zote ni barafu mpya juu ya samaki wa zamani. Nilimwambia niliogopa, na woga wangu niliuthamini kuliko kitabu chake, na kwamba hilo linanitia aibu kuliko uji.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Nikisamehe nitakwambia. Usiniulizeulize."

"Sitakuuliza."

Upepo ulikuwa unatoka ziwani, umebeba harufu ya dagaa wanaoanikwa. Akakaa, nikasimama. Kisha akauliza, "Mfumo wa zamani umeshaufuta?"

"Bado. Sifuti kitu chako tena wewe ukiwa hupo."

Akanyoosha mkono nimshike ashuke.

Tulikaa mezani akaanza kukagua upya, kila kitu, tangu mwanzo. Hakutaka nimwambie kinafanya kazi. Alitaka asikie mwenyewe. Aliandika, Mgeni akamsomea. Alifungua gazeti, akafungua barua, akafungua sura sita za kwanza na ya nane na ya tisa kutoka kwenye flashi. Alijaribu neno ng'ombe. Likamshinda Mgeni vilevile, na hapo kwa mara ya kwanza siku ile mdomo wa Mwalimu ukacheza kidogo. Niliweka alama za pili pembeni ya zile za kwanza, na juu ya ukurasa nikalikata jina la mfuniko, nikaandika jina la kilichomo. Baadaye niliingia kwenye ile orodha ya mtandaoni nikaandika na langu, kwa Kiswahili, wenye kujua watafsiri: mashine hii ukiwa Mwanza, usiamini mfuniko, huku kwetu mafundi wanajua kufufua, iulize yenyewe ina nini ndani, na sauti ikigoma tazama mlango wa televisheni. Kwa yule fundi wa miwani mbili sikurudi. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia, makali kweli kweli, lakini mtu aliyekubali ubao wa kichochoroni akanyamaza miaka miwili anapungukiwa kifua cha kumfokea mwenzake.

Mwalimu alipotosheka akasema, "Weka." Nikanakili kila kitu chake kwenye flashi mbili tofauti, nikamsomea majina ya mafaili yote, akayahesabu kwa vidole, ndipo nikaanza. Mfumo ule una maswali yake kabla ya kuingia. Uko wapi? Lugha gani? Tukajibu. Kisha ukauliza kompyuta iitwe jina gani, na chini yake ukapendekeza jina la ule ubao wa ndani.

"Sogea," Mwalimu akaniambia.

Akatafuta zile alama za rangi ya kucha kwa ncha za vidole, akafuta jina lililopendekezwa, herufi moja moja, akifuta bila woga. Kisha akaandika lake, na Mgeni akamrudishia kila herufi aliyoigusa.

"U," akasema Mgeni. "J. I."

Nililistahili lile jina.

Mashine ilizima, ikawaka, na tangu siku ile haijasema neno kuhusu vigezo. Mwalimu yuko kwenye sura ya saba. Anasema anaikumbuka zaidi ya nusu, na nusu nyingine itakuwa bora kuliko ile iliyoondoka. Bado hajaniambia kwamba amenisamehe, nami siulizi. Kila asubuhi anaiwasha kabla ya chai, ukurasa wa kuingilia unafunguka, na Mgeni anaanza kwa kusoma jina la kompyuta lililoandikwa juu ya kioo. Mimi nikiwa jikoni, mwiko mkononi, namsikia akilitamka vizuri kabisa: uji.